Sitini Badala ya Tisini

Sajini Marlys Tschida alipobisha kwa Bi Verna Sjoquist saa mbili asubuhi, jambo la kwanza aliloambiwa ni avue buti. Upelelezi au si upelelezi, theluji ya barabarani haiingii jikoni kwa Bi Verna. Marlys akavua, akaketi mezani na soksi zake zenye tundu, akawekewa kahawa na kipande cha keki ambacho hakukiomba.

Hakuwa na muda wa keki. Ilikuwa Jumanne. Saa tano asubuhi ile, katika kanisa la Kilutheri pale juu mlimani, Corinne Aaberg angeagwa. Saa sita kamili mchana, Duane Pomerleau, mdogo wake Corinne, angeshtakiwa kwa kumuua. Sheria ya Minnesota haikumruhusu polisi kumweka mtu mahabusu bila shitaka kupita saa hiyo. Marlys mwenyewe ndiye aliyemfunga Duane pingu Jumapili, na alipomfunga hakuwa na shaka hata chembe.

Nani angekuwa na shaka? Corinne alikutwa Jumamosi amekufa katika nyumba ndogo ya ziwani waliyorithi yeye na Duane, alikokwenda kila Januari kuvua samaki kwenye barafu. Bomba la kutolea moshi wa jiko la gesi lilikuwa limeshindiliwa pamba ya kuzuia baridi, tena kwa nje. Hewa chafu ikamuua usingizini. Duane alikuwa na ufunguo. Duane ndiye aliyelitengeneza jiko lile Alhamisi. Na Desemba, Duane huyo huyo alisimama baa akapiga kelele kwamba ataichoma moto nyumba ile kabla haijauzwa. Lyle, mume wa Corinne, alieleza kwa machozi kwamba mkewe alikuwa amekwisha kuamua kuuza.

Tangu Jumapili Duane alisema mambo mawili tu. La kwanza: "Mwulizeni Lyle." La pili: "Nipelekeni nikamzike dada yangu, halafu mnirudishe, mnifanye mtakavyo." La kwanza Marlys alilicheka. La pili mkuu wake, Luteni Kolberg, alilikataa.

Sasa Marlys alitoa bahasha mfukoni, akaiweka mezani. Aliikuta jana kati ya barua za Corinne. Benki ya Tamarack ilimkaribisha Corinne kwa kadi mpya ya safari, iliyofunguliwa Jumatano, siku mbili kabla hajafa. Lyle alipoulizwa alisema ni mambo ya klabu yao ya kadi tu, kamwulizeni katibu. Katibu alikuwa Bi Verna, mstaafu wa posta, miaka sabini na mbili, mwenye faili la kila kitu.

"Nieleze kama unamweleza mtoto," Marlys alisema. "Klabu inafanya nini?"

"Tunalinganisha," alisema Bi Verna. "Benki inataka uchukue kadi yake ya mkopo, sivyo? Basi inakutongoza. Inasema, tumia dola elfu nne ndani ya miezi mitatu, nasi tutakupa zawadi ya kukaribishwa, pointi elfu kadhaa. Pointi ndizo tiketi za ndege. Huyu anatoa hamsini, yule anatoa sabini, mwezi ujao anashusha, mwezi wa pili anapandisha. Mjinga anachukua ya kwanza anayoiona. Sisi tunangoja."

"Na mnalipa madeni yenyewe?"

"Kila mwezi, mpaka senti ya mwisho! Unatuonaje? Nimekwenda ng'ambo, Bergen, mara tatu, afande, nimelipa kodi ya uwanja wa ndege tu. Kula keki."

Marlys akala keki. Bi Verna akavaa miwani, akafungua faili. Klabu ilikutana kila Jumatatu ya pili ya mwezi katika mgahawa wa chapati za maji huko chini bandarini, watu kumi na wanane, na muhtasari wa kila mkutano ulipigwa chapa na kutiwa sahihi, kana kwamba ni bunge. Mwenyekiti kwa miaka tisa alikuwa Lyle Aaberg.

"Huyo ni bingwa," Bi Verna alisema. "Hakuna mtu Duluth nzima anayejua bonasi kama Lyle. Ana jedwali lenye rangi nne. Benki ikipiga chafya, Lyle anajua."

"Jumatatu ya wiki iliyopita mlizungumzia benki ya Tamarack?"

"Hatukuzungumzia kingine." Bi Verna akalowesha kidole, akafunua karatasi, akasoma kwa sauti ya kanisani. "'Mwenyekiti amewaonya wanachama wasiombe kadi ya Tamarack kwa sasa. Zawadi ni elfu sitini. Kuanzia Jumatatu ijayo itakuwa elfu tisini. Mwenyekiti amesema atakayeomba kabla ya siku hiyo, yeye mwenyewe atamnunulia miwani. Wanachama wamecheka.'"

"Jumatatu ijayo, maana yake jana?"

"Jana. Nami niliomba jana saa moja asubuhi, nimeshakubaliwa."

Marlys akaisukuma bahasha. Bi Verna akasoma barua, akarudia tarehe, akavua miwani akaifuta, akasoma tena.

"Hii imekosewa," alisema.

"Nimeipigia benki. Haijakosewa. Jumatano, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, kwa tarakilishi ya nyumbani kwao. Elfu sitini."

"Lyle hawezi. Afande, zawadi hii mtu hupewa mara moja tu maishani mwake. Ukichukua sitini, tisini umeiaga. Alitusimamia pale akatucheka! Siku mbili baadaye aende akamchukulie mkewe sitini? Hapana."

"Labda Corinne aliomba mwenyewe."

"Corinne?" Bi Verna alicheka kwa uchungu. "Corinne alizichukia kadi hizi kama nini. Lyle alimwita 'mchezaji wangu wa pili'. Mume anaomba, kisha anamwombea mke, nyumba inavuna mara mbili. Wote wenye wake hufanya hivyo. Yeye kazi yake ilikuwa kusema sawa, Lyle."

"Labda Lyle alisahau, basi. Mtu hupitiwa."

"Lyle husahau siku ya kuzaliwa ya mkewe. Hili hasahau."

Marlys akaacha uma. Swali lililomjia lilikuwa baya, na alilijua ni baya kabla halijatoka. "Mwenye kadi akifa, pointi zake huendaje?"

"Benki ikiarifiwa tu, akaunti inafungwa. Pointi zinakufa naye. Ndiyo maana ukiwa na mgonjwa nyumbani unazihamisha mapema, kwenda kwa..." Bi Verna akavua miwani. Rangi ikamtoka usoni kuanzia mashavuni kushuka shingoni.

"Na aliyekwisha kufa hawezi kuombewa kadi mpya?"

"Toka, afande," alisema Bi Verna taratibu. "Tafadhali. Nimeoka mkate wa msiba wa Corinne, uko hapo juu ya jiko. Nipishe kidogo."

Alipokuwa ndani ya gari, injini ikinguruma ili ipate joto, Marlys alipiga simu mbili. Ya kwanza ilikwenda kliniki ya meno alikofanya kazi Corinne. Jumatano, saa nne na dakika kumi na mbili? Msichana wa mapokezi alikwenda kutazama daftari. Corinne alikuwa akimsafisha meno mzee mmoja tangu saa nne kamili hadi karibu saa tano, mikono yote miwili mdomoni mwa mzee huyo. Simu yake huwa kabatini saa za kazi. Kwa hiyo aliyeomba kadi ni Lyle, hapakuwa na mtu wa tatu nyumbani kwao.

Ya pili ilikwenda kwa Luteni Rasmus Kolberg.

"Hebu nielewe, Marlys," Kolberg alisema. "Unataka niende kwa mwendesha mashtaka nikamwambie, mheshimiwa, mwachie Duane Pomerleau, kwa sababu shemeji yake amechukua pointi chache za ndege badala ya nyingi?"

"Mtu aliyewaambia watu kumi na saba wangoje siku saba, yeye hakungoja. Kwa nini? Angojee nini, kama anajua Jumatatu mkewe hatakuwepo wa kuombewa?"

"Au alikosea."

"Au alikosea," Marlys alikubali. Na hapo ndipo palipomkaba. Jibu la Lyle lilikuwa neno moja tu. Akisema nilikosea, mkono uliteleza, nimezeeka, nani angembishia? Hakuna baraza la mahakama litakalomfunga mtu kwa kuwa mzembe wa hesabu.

"Msiba ni saa tano," Kolberg alisema. "Usimbughudhi mfiwa kanisani, gazeti litatula nyama."

"Nitamwuliza kwa adabu."

"Wewe? Haya, una hadi saa tano kasorobo."

Chini ya kanisa, ukumbini, akina mama walikuwa wakipaka siagi mikate na kuilaza nyama ya nguruwe juu yake, mamia kwa mamia, kimya kimya. Lyle Aaberg alisimama kando ya birika kubwa la kahawa katika suti nyeusi mpya, mwembamba, ndevu zimekatwa vizuri, akipokea pole. Alipomwona Marlys alimfuata mwenyewe.

"Mmeshamshtaki?"

"Saa sita. Nina fomu ya kumalizia tu, Bwana Aaberg. Dakika kumi."

Wakaingia ofisini kwa mchungaji. Marlys akaweka kinasa sauti mezani, kati ya vitabu vya nyimbo, akamwambia kwamba anarekodi, kwamba hajakamatwa, na mlango haujafungwa. Lyle akapunga mkono, sawa, sawa.

"Ni kadi ya Tamarack. Corinne aliiomba Jumatano?"

"Aliiomba, ndiyo. Ni burudani yetu."

"Saa nne na dakika kumi na mbili alikuwa na mikono mdomoni mwa mzee wa watu, kazini."

Lyle hakutikisika. "Basi niliiomba mimi kwa niaba yake. Alinipa ruhusa miaka mingi. Waulize wenye wake wote klabuni, wote wanafanya. Ni kosa kidogo, najua. Mtanitoza faini?"

"Hakuna faini. Dola elfu nne ukazitumia siku hiyo hiyo?"

"Nilinunua kadi za zawadi za duka la vyakula. Ni kawaida, ukimaliza mapema pointi zinaingia mapema."

"Ziliingia Jumamosi asubuhi. Saa mbili baadaye ukazihamishia kwenye akaunti yako ya ndege. Mwili wa Corinne ulikutwa saa nane mchana."

"Sikujua kama amekufa, mama! Nilifanya ninavyofanya kila mara." Macho yakamlowa. Marlys alikuwa ameyaona machozi hayo Jumamosi, na Jumamosi aliyaamini. "Ndilo ulilokuja kuniuliza, dakika chache kabla sijamuaga mke wangu?"

"Nimemaliza." Marlys akafunga daftari, lakini kinasa hakukigusa. "Nitaandika kwamba ulikosea, basi. Bi Verna naye kasema hivyo hivyo, kwamba ulikosea."

"Nilikosea nini?"

"Sitini badala ya tisini. Kanieleza kidogo, mimi sijui mambo haya. Kasema hata mwanachama wa jana asingefanya vile. Si neno, bwana, umri huo. Kasema klabu itakuwa na huruma, uenyekiti watamkabidhi yeye polepole, bila kukuaibisha."

Hayo Bi Verna hakuyasema. Marlys alimwomba Mungu wa jengo lile amsamehe, kisha akasimama, akashika kitasa.

"Verna?" Lyle alisema. "Verna aliyekuwa anachanganya maili za ndege na pointi za benki mpaka mwaka juzi? Nimemfundisha mimi!"

"Kasema pia. Kasema mwalimu naye huchoka. Thelathini elfu zimekwenda bure."

"Hazikwenda bure."

"Tisini toa sitini, bwana, hata mimi naweza."

"Huwezi! Hamwezi nyote, ndiyo shida!" Shingo ilikuwa imemwiva. "Unalinganisha kitu na kitu ambacho hakipo. Mwanafunzi wa kwanza nilimfundisha hivyo: usilinganishe namba, linganisha unachopata. Sitini mkononi, na tisini ambayo haitalipwa, ipi kubwa?"

"Benki ilikuwa inalipa. Verna amekubaliwa jana."

"Verna, ndiyo! Kwa Corinne ile tisini ni sifuri! Ningengoja Jumatatu ningepata sifuri!"

Ukumbini, mtu aliangusha sinia la vijiko. Marlys hakugeuka.

"Kwa nini sifuri, Lyle?" aliuliza. "Jumatano, saa nne asubuhi. Corinne yuko kazini, mzima wa afya, ana miaka hamsini na nne. Kwa nini Jumatatu iwe sifuri?"

Lyle alifungua mdomo. Marlys aliiona akili yake ikikimbia huku na huko, safu kwa safu, ikitafuta. Mdomo huponza kichwa, walisema wahenga, na kichwa hiki kilikuwa kimeponzwa na mdomo wake wenyewe, katika ofisi ya mchungaji, juu ya kitu ambacho angekivuka kwa neno moja dogo. Hata sasa angeweza kulisema. Marlys alimpa muda ajaribu.

"Sema basi ulikosea."

"Sikukosea," alisema Lyle. Kisha akasema anataka wakili.

Saa tano kasoro dakika nane Lyle Aaberg alitolewa kwa mlango wa jikoni, katikati ya akina mama na mikate yao. Bi Verna, aliyekuwa ameingia na mkate wake mikononi, alimwangalia mpaka akapita. Mchungaji alimwuliza Marlys kwa sauti ya chini: benchi la mbele, la wafiwa, akae nani? Corinne na Lyle hawakujaaliwa watoto, wazazi walikwisha kufa. Ndugu alikuwa mmoja.

Marlys akapiga simu mahabusu. Akampigia Kolberg, na Kolberg, baada ya kukisikiliza kinasa mara mbili, akapata kibali cha kulipekua gari la Lyle. Ndani ya shimo la gurudumu la akiba walikuta gunia la pamba ya kuzuia baridi, nusu yake imekatwa. Nyumbani, kwenye droo ya Corinne, walikuta karatasi ya wakili: alikuwa anampa Duane sehemu yake ya nyumba ya ziwani, bure. Hakuwa na nia ya kuuza. Aliyetaka iuzwe ni Lyle, na mkewe akifa kabla hajatia sahihi, sehemu ile ingekuwa yake. Hiyo ndiyo sababu yenyewe. Zile pointi alizikomba njiani, kama mtu anavyokwangua ukoko wa sufuria.

Yote hayo yalichukua muda. Mwendesha mashtaka alitaka kuona pamba. Karani wa mahabusu alitaka sahihi tatu, na mmoja wa watia sahihi alikuwa amekwenda kula. Duane Pomerleau alitoka saa saba kasorobo, fundi wa miaka arobaini na tisa mwenye kucha zilizovunjika, akiwa na mkanda wake na simu yake ndani ya mfuko wa plastiki.

"Ni saa ngapi?" aliuliza.

Marlys akamwambia.

"Msiba ulikuwa saa tano."

"Najua. Duane, nakuomba radhi. Uliniambia nimwulize Lyle."

"Nilikwambia Jumapili. Ulicheka." Hakuisema kwa hasira, na hilo lilimchoma Marlys kuliko tusi. "Nipeleke, tafadhali. Labda hawajamtoa."

Walikuwa wamemtoa. Kanisani walikuta viti vimepangwa, akina mama wakiosha vikombe. Duane hakushuka garini. Wakaelekea makaburini, na huko, katika kijumba cha mapokezi, walimkuta karani mwenye sweta la kijani. Ardhi imeganda futi nne, karani alieleza, Januari hawachimbi. Marehemu analazwa katika chumba cha mawe kule nyuma mpaka Mei, ndipo azikwe.

"Nataka kumwona," alisema Duane. "Dakika tano."

"Pole sana, ndugu. Jeneza likishaingia humo halifunguliwi ila kwa sahihi ya ndugu wa karibu."

"Mimi ni mdogo wake. Tumetoka tumbo moja."

Karani akatazama karatasi, uso umemwiva kwa aibu. "Hapa ndugu wa karibu ni mume. Bwana Lyle Aaberg. Hata siku ya kuzika, Mei, ni yeye. Mpaka mahakama ibadilishe."

"Mahakama inachukua muda gani?" Marlys aliuliza.

"Miezi. Lakini yeye akitia sahihi hapa chini, ni leo leo."

Duane akageuka. Kwa mara ya kwanza tangu Jumapili alimtazama Marlys machoni, na macho yale yaliomba. Marlys akaichukua fomu, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Nisubiri hapa," alisema. "Nakwenda kumwambia."

Lyle alikuwa amekaa kwenye kitanda cha chuma, suti bado mwilini, tai wamemvua. Wakili wake alikuwa amesimama mlangoni. Marlys alieleza kwa maneno machache: ni fomu ya makaburi, haihusiani na kesi, Duane amwone dada yake mara moja, na Mei amzike. Wakili aliisoma pande zote mbili, akasema haoni ubaya wowote. Akampa Lyle kalamu.

Lyle aliisoma naye. Aliisoma yote, mpaka maandishi madogo ya chini, kwa utulivu, kidole kikifuata mstari. Akaifikia nafasi ya sahihi. Hapo akainua macho, na hayakuwa na chozi wala chuki, yalikuwa ya mtu aliye kazini.

"Nikitia sahihi," aliuliza, "napata nini?"